Nilibeba Msitu wa Kilosa kwenye Fuso

Baba yangu alikuwa mtu wa gangi. Kwa wasioijua reli ya zamani, gangi ni kile kikosi kinachotembea na njia kwa miguu, sululu na nyundo begani, kukaza misumari, kubadilisha mataruma yanayobeba vyuma vya reli na kuzibua makalvati ya kupitisha maji kabla ya masika. Kipande cha baba kilikuwa kati ya Kilosa na Gulwe, pale reli ya kati inapofuata bonde la mto Mkondoa, mto upande huu, mlima upande ule. Kwenye nguzo ya daraja moja dogo alikuwa amepiga mstari wa rangi nyeupe. Mara ya kwanza kunipeleka nilikuwa darasa la pili, na mstari ule ulikuwa juu ya kofia yake. Nilipomaliza darasa la saba ulikuwa usawa wa kifua chake. Mwaka aliostaafu ulikuwa magotini. Mchanga ulikuwa unapanda msimu hadi msimu, na treni zinapita juu yake kama kawaida.

Mimi, mtoto wa mtu huyo, nilikuja kukaa miaka 8 kwenye biashara ya mkaa kati ya Kilosa na Dar es Salaam. Nilianza utingo, nikawa dereva, mwisho nikawa na hisa kwenye gari. Nimeyashika haya moyoni muda mrefu, na kila ninaposikia wataalamu wakizungumzia mabadiliko ya tabianchi siku moja, bei ya mafuta siku nyingine, misitu siku ya tatu, kila jambo na wizara yake, natamani wangekaa nami kwenye ile kabini angalau safari moja. Kwangu yote yalipita kwenye bodi la gari moja.

Vuli ya 2005 haikuja. Kilosa tumezoea misimu miwili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, na mkulima wa kwetu hupanga maisha yake yote juu ya hiyo miwili: ada ya shule, mahari, bati la nyumba. Tajiri wangu alikuwa anabeba mahindi. Mwanzoni mwa 2006 hapakuwa na mahindi ya kubeba, gari likalala wiki tatu chini ya mwembe, matairi yanaanza kupasuka kwa jua. Ukame uleule ndio uliopunguza sana maji ya bwawa la Mtera. Maji ya Ruaha Mkuu yanayozungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, ndiyo yanayoteremka tena kuzungusha ile ya Kidatu, megawati 204, kwa hiyo Mtera ikikosa maji nchi nzima inajua. Mgao wa umeme ukaingia, Dar mchana kutwa giza. Wenye viwanda wakawasha majenereta ya dizeli. Waliokuwa wamezoea kupika kwa umeme wakarudi kwenye jiko la mkaa. Jioni moja tajiri akaja na sauti ya mtu aliyekwisha amua.

"Dogo, lala mapema. Kesho tunaenda Zombo."

Mapema mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku mkaa, kisha katazo lile likaondolewa muda si mrefu. Nilikuwa mgeni kwenye kazi, lakini somo lake sikulisahau. Watu hawakuacha kupika. Gunia lilipanda bei na magari yakahamia usiku, basi.

Zombo, kusini mwa mji wa Kilosa, ndiko nilikolala kwa mara ya kwanza karibu na tanuri la mkaa. Mzee aliyekuwa analichoma alikuwa na shamba la ekari tatu za mahindi, yamekauka yamekuwa rangi ya mkeka. Alikuwa amepanga magogo chini, membamba katikati ya manene ili pasibaki nafasi, akafunika kwa majani mabichi, juu akashindilia udongo, ukiangalia kwa mbali utadhani ni kaburi la jitu. Kazi yote iko kwenye kulinda. Moshi mweupe mzito ni maji ya mti yanatoka, hapo huna wasiwasi. Ukiona umekuwa mwembamba na wa buluu, mkaa umeiva, unazunguka na koleo kuziba kila tundu. Ukipitiwa na usingizi muda huo, asubuhi unakuta majivu. Mzee alikuwa amelala siku tisa pale pembeni juu ya gunia, mguu wake wa kulia una alama ya kuungua kutoka kifundoni hadi ugokoni, aliwahi kukanyaga juu ya tanuri likabomoka. Alichukua kipande kilichopoa akakigonga na kingine. Kililia kama kigae.

"Huu mkaa," akasema. "Usiolia, usikubali kupakia."

Nilimuuliza amefanya kazi hii miaka mingapi. Alinitazama kama nimemtukana kidogo.

"Mwanangu, mimi ni mkulima. Mwaka wa mvua hunioni huku porini. Mwaka wa mvua nanuka udongo, sinuki moshi."

Sentensi hiyo nimeizungusha kichwani kwa karibu miaka 20. Siku ile niliichukulia kama maneno ya mzee mwenye haya. Leo naona ndiyo ilikuwa takwimu bora kuliko zote nilizopata kuzisikia. Mvua ikigoma, shoka linaingia kazini. Hakuna anayeamka asubuhi na kuuchukia msitu. Kuna mtu ana watoto wanne, shamba limekauka, na hatua mia tatu kutoka mlangoni kwake kuna kitu ambacho Dar watakinunua leo hii kwa fedha taslimu.

Na kitu chenyewe hakina haraka ya kurudi. Tanuri la kienyeji hula kilo 6 hadi 10 za mti kutoa kilo moja ya mkaa. Fuso letu lilibeba magunia 110, yote lumbesa, yaani yamejazwa kupita mdomo wa gunia, yamefungwa vilemba vya majani juu. Piga hesabu mwenyewe gari moja linalala na miti mingapi, halafu fikiria magari yaliyokuwa yanaongozana usiku kutoka Mikumi, Handeni, Rufiji na Kilwa. Wakati huo ilikuwa inatajwa kwamba Dar es Salaam peke yake inachoma karibu nusu ya mkaa wa nchi nzima, na mimi niliyekuwa nikiona foleni ya malori alfajiri sikuwa na sababu ya kubisha.

Mafuriko yalikuja Desemba 2009, yakarudi tena Januari 2010. Tuta linaloukinga mji wa Kilosa na Mkondoa likapasuka. Nilikuwa njiani narudi kutoka Dar, nikapata simu ya mama nikiwa Morogoro. Nilipofika, ndani ya nyumba yetu matope yalikuwa yamefika kwenye dirisha, godoro limeganda ukutani kama limepigwa gundi, na baba amekaa nje juu ya taruma la zamani alilokuwa anatumia kama kiti, haongei. Maelfu ya watu wa mji ule walihamia kwenye mahema. Sisi tulikaa kwa shangazi Kimamba, watu kumi na mmoja vyumba viwili.

Na reli ikakatika. Kipande cha baba, kile cha Kilosa hadi Gulwe, kilisombwa vibaya, mahali pengine vyuma vinaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi ya kamba. Treni kati ya Dar na Dodoma zikasimama kwa miezi.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Ile miezi ndiyo niliyopata fedha nyingi kuliko wakati wowote wa udereva wangu. Mzigo uliokuwa unakwenda kwa reli ulitafuta malori. Kwenda nabeba saruji na mbolea kutoka Dar, kurudi napakia mkaa. Gari halilali. Mto uliochukua nyumba ya wazazi wangu ulinijazia mfuko, na nyumba mpya niliwajengea kwa fedha hiyo, upande wa mwinuko. Baba aliingia, akazunguka vyumba vyote, akashukuru. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa mkaa ninaobeba unatoka mti gani. Nikamwambia myombo. Akatikisa kichwa, akatoka nje.

Sitaki kusema uongo kwamba mkaa ndio uliovunja lile tuta. Mvua ilikuwa kubwa isiyo ya kawaida. Milima ya juu kule, upande wa Mpwapwa na Dodoma, imekwanguliwa kwa kilimo, mifugo na moto kwa vizazi. Tena mkaa wangu mwingi ulitoka Zombo na Ulaya, hii Ulaya ya kwetu Kilosa, kusini mwa mji, ambako maji yake hayapiti chini ya daraja la baba. Lakini kule juu nako zilikuwepo Fuso za wengine, na madereva wake walikuwa na hesabu kama zangu.

Mwaka 2011 ndio ulionifundisha sera ya nishati, na ulinifundisha kupitia injini. Miaka ile uchakachuaji ulikuwa umekithiri. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, kwa nia njema, ili maskini awashe koroboi na apike. Wajanja wakawa wanayachanganya kwenye dizeli na kupata faida ya tofauti ile. Mimi nilijaza tangi kwenye kituo kimoja njiani saa mbili usiku. Katikati ya hifadhi ya Mikumi, kwenye zile kilomita 50 ambazo kila dereva anazijua, gari likaanza kukohoa, likatoa moshi mweupe, likazima. Usiku kucha tulikaa kabini na utingo wangu, vioo tumepandisha, tembo wanavunja matawi ng'ambo ya barabara, nasi hatuthubutu hata kushuka kujisaidia. Mafuta ya taa hayana ule ulaini wa dizeli wa kulainisha pampu. Pampu na nozeli zilikula faida ya safari sita.

Kwa hiyo bajeti ya Juni mwaka ule ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa, kutoka shilingi 52 kwa lita hadi 400 na ushei, ili yasiwe na tofauti ya bei na dizeli, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Wizi umekomeshwa. Na kwa upande wa injini ni kweli, hali ilibadilika.

Wiki chache baadaye nilifika nyumbani nikakuta mama ameweka jiko lake la mchina, lile la mafuta ya taa, juu ya kabati, limefutwa vizuri, tambi zimetolewa.

"Limeharibika, mama?"

"Halijaharibika. Mafuta ndiyo hayashikiki. Niletee gunia."

Hapo ndipo niliposhtuka. Mama hakuwa peke yake. Manzese na Tandale, mitaa ya Dar nilikokuwa nashusha, wauzaji walianza kunisubiri barabarani. Mwaka huo nao ulikuwa wa mgao mkali wa umeme kwa sababu mabwawa yalikuwa chini tena. Umeme haupo, mafuta ya taa yamepanda, gesi ilikuwa bado ni kitu cha wenye fedha wa Mikocheni. Kilichobaki ni mkaa. Sera iliyoniponyea pampu yangu ilitokea upande wa pili ikiwa na shoka mkononi, na sidhani kama yeyote kati ya walioiandika alilenga myombo wa Zombo.

Mama mmoja muuza mkaa pale Manzese alinieleza jambo ambalo naona bado wengi halijawaingia. Alikuwa anapima kwenye kopo la rangi, anamimina kwenye mfuko wa rambo wa mteja, mikono yake myeusi hadi kwenye viwiko. Nilimuuliza kwa nini wateja wake hawakusanyi fedha wanunue gunia zima, maana kwa kopo wanalipa karibu mara mbili. Akanionyesha msichana aliyekuwa ameshika sarafu zake.

"Kaka, huyu ana mia tano. Hiyo ndiyo fedha ya moto wa leo. Mtungi wa gesi hauuzwi nusu."

Siku hizi kuna gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, na naipongeza kwa moyo wote, kwa sababu aliyeibuni alimwona yule msichana. Lakini ilichukua miaka mingi, na miaka yote hiyo kopo lilikuwa linapima msitu.

Kuanzia 2012 hivi, kwenye baadhi ya vijiji vya Kilosa ukaja utaratibu wa mkaa endelevu, ulioletwa na mashirika ya uhifadhi kwa kushirikiana na halmashauri. Mara ya kwanza nilikasirika. Nimezoea kuingia porini, kumalizana na mchomaji, kupakia, kuondoka. Sasa kwenye njia panda ya kijiji kimoja wamesimama vijana wawili wa kamati ya maliasili, wana kitabu cha stakabadhi, wananiuliza nimepakia kitalu namba ngapi. Nikawaambia mimi dereva tu. Mmoja, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasema, "Basi njoo ukione, bro, ili kesho ujue."

Nikamfuata, nia yangu ikiwa tumalize haraka. Msitu wa kijiji ulikuwa umegawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti: kimoja kinavunwa, cha jirani hakiguswi. Kandokando ya vijito hakuna kukata. Mti wenye mzinga wa nyuki, hakuna kukata. Mninga na miti mingine ya mbao inaachwa. Na kisiki hakikatwi chini kabisa, kinaachwa na urefu, maana myombo ukikatwa hivyo hauna haja ya kupandwa, unachipua wenyewe kutoka kwenye kisiki na mizizi yake ya zamani. Kitalu kikishavunwa kinapumzishwa miaka 24. Alinionyesha kilichovunwa mwaka uliotangulia: machipukizi yamefika kiunoni, majani yake machanga mekundu kama ulimi. Nilikuwa nimebeba miti ile miaka mingi bila kujua inaweza kurudi. Ushuru wa kila gunia ulikuwa unaingia kwenye mfuko wa kijiji, na mafundi walikuwa wanapiga lipu nyumba ya mganga wa zahanati kwa fedha hiyo.

Nikawa napakia huko kila nilipoweza. Tatizo lilikuwa mwisho wa safari. Gunia langu lenye stakabadhi zote lilifika Manzese na bei kubwa kuliko la mwenzangu aliyepita njia za panya, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza mkaa wangu umetoka kitalu gani. Mkaa hauna sura. Ukishakuwa kwenye kopo, wa halali na wa wizi unawaka sawasawa. Nadhani hapo ndipo juhudi ile ilipokosa mkono wa kuipokea: kijiji kilibanwa kisawasawa, jiji halikuulizwa kitu.

Niliacha kazi hiyo mwaka 2014. Siwezi kusema kilitokea kisa kimoja kikubwa. Ilikuwa ni umbali. Mwaka 2006 tulipakia kwa yule mzee wa Zombo tukiwa tunasikia kuku wake wanawika. Mwishoni mwa 2013 pikipiki ilitoka na mimi mlangoni kwake ikaenda zaidi ya saa nzima kabla hatujaona tanuri, na njia yote ilikuwa vichaka, mashamba yaliyochoka na visiki vilivyochomwa hadi mzizi. Mzee mwenyewe alikuwa hawezi tena kufika, alikuwa anamtuma mwanawe. Nilirudi, nikamuuzia mwenzangu hisa yangu.

Nikawa mkulima, na nikafanya kosa langu la pili. Ufuta ulikuwa na bei. Nilipewa ardhi na ukoo, ekari nne, mbili zikiwa bado zina miti. Nikazifyeka, nikazichoma. Kwa nguvu kazi yangu mwenyewe, kwa halali kabisa, nilimaliza msitu wa ekari mbili ambao hakuna mchoma mkaa aliyewahi kuugusa. Wale wa mkaa endelevu walikuwa wakisema kila mkutano kwamba kilimo cha kuhamahama kinamaliza msitu kuliko mkaa, kwa sababu penye tanuri mti unaweza kuchipua, penye jembe unang'olewa. Nilikuwa nimewasikia kwa masikio. Serikali hutaja hekta 469,420 za msitu zinazopotea kila mwaka nchini, na ekari zangu mbili zimo humo.

Shamba lile lilinipa magunia mazuri miaka miwili. Wa tatu mvua ya vuli ilinyesha siku nne mfululizo Novemba, mbegu ikaota, kisha jua mwezi mzima. Nilipanda mara tatu. Ardhi iliyokuwa na kivuli jana haikuwa na kitu cha kushikia maji. Sasa nimechanganya: mbaazi katikati ya mahindi, mtama upande wa juu, na nimeacha machipukizi ya myombo kwenye mipaka yote minne, siyagusi hata kwa fito. Mbaazi zinavumilia, mizizi yake inakwenda chini, na miti yake mikavu inapikia chai ya familia karibu miezi mitatu.

Mwaka 2022 sikuwa tena dereva lakini dizeli ilinifuata shambani. Ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, hata baada ya serikali kuanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Mwenye trekta akapandisha bei ya kulima ekari. Mchuuzi wa nyanya akaja na bei ya chini akisema nauli ya gari imepanda, na mimi ninayeijua hiyo hesabu kutoka upande wa usukani sikuweza kumwita mwongo. Mwisho wa mwaka uleule maji ya mto Ruvu yalipungua hadi Dar, inayoyategemea, ikawekewa mgao wa maji. Rafiki yangu anayeendesha bado alinipigia akiwa darajani Ruvu, akaniambia, "Kaka, ungeona, watoto wanavuka kwa miguu." Nilivuka daraja lile mara mamia, nikiwa na magunia nyuma, na sikumbuki kama niliwahi kutazama chini.

Nayaona mema yanayofanyika na nafurahi nayo. Treni ya umeme ilianza safari za Dar hadi Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na sasa inapita wilayani kwetu kwenye mahandaki, juu ya bonde lililomla baba miaka yake yote. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mgao tuliouzoea sisi watoto wa Mtera umepungua sana. Nilimpandisha baba hiyo treni akiwa na miaka themanini kasoro. Alikaa dirishani, hakuongea hadi tulipotoka handakini, kisha akauliza, "Hawa nao wana gangi?" Nikamwambia wanayo, ina mashine. Akasema, "Waweke alama kwenye nguzo." Umeme wa maji bado ni mvua, na reli bado iko kwenye bonde la mto; alichokuwa anakisema baba ni hicho.

Mwaka 2024 ulikuja mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni Watanzania asilimia 80 wawe wanaitumia ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zikatakiwa kuachana na kuni na mkaa. Mke wangu ni mpishi wa shule. Kabla ya hapo alikuwa anatoka jikoni macho mekundu, anakohoa hadi usiku, na nilikuwa nadhani ni baridi. Siku ya kwanza kupika kwa gesi alirudi nyumbani nguo hazina harufu. Nalitaka jambo hilo kwa kila mwanamke wa nchi hii. Lakini mtungi ulipoisha katikati ya muhula, mchango wa wazazi ulikuwa haujafika, na kuni zikarudi nyuma ya jiko, zimefunikwa turubai. Amri imekuja na tarehe. Fungu la kujaza mtungi halikuwa na tarehe, na nasema hili kwa heshima, nikitaka amri ile ifaulu. Nyumbani tumenunua jiko la umeme la presha. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva bila kumaliza uniti moja, na kwa mwenye matumizi madogo uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi. Hesabu hiyo ningeibandika kwenye kila kituo cha daladala. Bei ya jiko lenyewe ndiyo inayomshinda jirani yangu, ambaye naye, kama yule msichana wa Manzese, ana mia tano ya moto wa leo tu.

Vuli ikichelewa, nikiwa nyumbani kwangu ni rahisi kuijua hali ya msitu, maana nyumba iko kandokando ya njia inayotoka upande wa Zombo. Pikipiki zinaanza kupita saa nane usiku, taa zimezimwa, magunia matatu matatu. Nimejizoesha kuamka na kuzihesabu. Msimu uliopita usiku mmoja nilihesabu 11, na ya mwisho ilizimika mbele ya uwanja wangu. Nilitoka na tochi. Alikuwa mtoto wa yule mzee wa tanuri, sasa ni mtu mzima, ana mvi kidevuni. Tulisaidiana kuwasha, hatukusemana sana.

Asubuhi nilimfuata kwake na debe la mbegu ya mtama na nusu debe la mbaazi. Alipokea kwa mikono miwili, akamwita mkewe aje ashukuru. Kisha akaniambia magunia yale matatu itabidi ayauze kwanza, mtoto anafungua shule Jumatatu. Nikamwambia nimeelewa. Tukaenda pamoja kuangalia shamba, udongo wa juu ulikuwa mkavu, lakini tulipochimba kwa jembe hadi kwenye kiwiko tukakuta ubichi kidogo. Akauliza mtama uingie kina gani. Nikapiga magoti nikamwonyesha.